Lawama ya Bolti Iliyokatika

Kitu cha mwanadamu huharibiwa na wawili: mkono na wakati. Mkono huonekana, una mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Kwa hiyo ukiharibu hushikwa, hulaumiwa na hulipishwa. Wakati hauna jina la kuitwa barazani wala mfuko wa kulipa. Huharibu kimya kimya, kidogo kidogo, mchana na usiku, na siku kazi yake inapotimia hungoja mkono wa mtu uje kuidhihirisha. Mtu huyo, ambaye aghalabu hakuwapo ubovu ulipoanza, hujiona ameshika vipande viwili vya kitu ambacho dakika moja kabla kilikuwa kimoja. Hapo huulizwa swali lililo jepesi kwa ulimi na zito kwa akili: nani amevunja?

Swali hili ni la kale, lakini si lazima litafutwe katika vitabu vya kale. Limo katika karakana za magari za Njombe na Makambako, nalo hujifunua katika kitu kisichozidi kidole cha mtu mzima kwa urefu, yaani bolti inayoshikilia injini ya gari kuukuu.

Injini ya gari hailazwi juu ya chuma kitupu. Hukaa juu ya vikalio vya chuma na mpira, ambavyo mafundi huviita mauntingi, ili mtikisiko wake usiwafikie abiria wala mwili wa gari. Vikalio hivyo hufungwa kwa bolti, upande mmoja katika injini na upande wa pili katika fremu. Mpira hufa kabla ya chuma: hukauka, hupasuka, huachana na bati lake. Ukisha kufa, injini hucheza. Gia ikiingizwa hugonga. Gari likipanda mlima injini hujipinda na kuvuta mabomba na nyaya zilizoungwa nayo. Dawa yake ni kubadili kikalio, na kikalio hakibadiliki ila bolti zake zifunguliwe. Mtihani uko hapo, kwa kuwa bolti iliyokaa miaka ishirini mahali pasipofikiwa na jicho haifunguki kwa kuamriwa.

Nchi yenyewe husaidia ubovu huo. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake huanza mnamo Novemba na kuendelea hata Aprili au Mei, na baridi inayofuata huja na ukungu wake. Udongo mwekundu wa njia za mashambani hugandamana chini ya gari na kuhifadhi unyevu, mfano wa kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya kidonda. Magari yabebayo viazi, mbao na parachichi hubeba pia mbolea, na lugha imekwisha kuonya juu ya mbolea hizo kwa kuziita za chumvichumvi: zikimwagika na kuloa, chuma kilicho karibu nazo hakidumu. Kuna na magari ambayo yalianza kuliwa kabla ya kuiona Afrika, maana yalitumika kwanza Japani, na katika sehemu za kaskazini za nchi hiyo chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Kisha iko safari. Kutoka Njombe hadi Makambako ni kilomita zipatazo 60 za kupanda na kushuka. Makambako ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam upande mmoja, na Mbeya na Zambia upande wa pili. Katika njia kama hizo gari bovu haliwezi kudumu na siri yake.

Ili lawama igawiwe kwa haki, hapana budi kutu yenyewe ijulikane tabia yake. Katika Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, iko milima ya Liganga yenye mawe ya chuma. Chuma kilicho ndani ya mawe hayo hakikai peke yake. Kimeshikana na oksijeni. Binadamu hutumia moto mkali ili awatenganishe wawili hao. Maji na hewa huwarudisha pamoja bila moto na bila ujira. Kwa hiyo kutu si ugeni katika chuma: ni kurudi kwake kwao. Bolti nzima ni kazi inayolindwa, na bolti yenye kutu ni kazi iliyoachwa bila mlinzi. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndani ya hesi, ambamo nafasi ni nyembamba kuliko ukucha, hujaa na kuikaza bolti kupita nguvu ya mkono ulioifunga. Na wakati ule ule huikondesha shingo. Bolti ikiwa imeingia katika injini ya alumini, maji yenye chumvi huila alumini nayo, na unga mweupe huziba mahali palipobaki. Hila ya kutu ni hiyo: hukifanya kitu kigumu zaidi kufunguka, na dhaifu zaidi kustahimili kufunguliwa.

Piga mfano wa mwalimu mmoja wa Njombe, mwenye gari dogo alilolinunua likiwa tayari limetumika miaka mingi. Alipeleka kwa fundi wa Makambako, wakapatana bei ya kubadili kikalio kimoja, kazi ya nusu siku. Fundi akaweka spana, akavuta. Bolti ikatoa mlio mfupi, ikakatika, na nusu yake ikabaki ndani ya injini. Kazi ya nusu siku sasa ni ya siku mbili, na gharama imekuwa mara tatu.

"Fundi," anasema mwalimu, "gari nililileta likitembea. Bolti ilikuwa nzima mpaka ulipoigusa."

"Mwalimu," anajibu fundi, "bolti hiyo ilikuwa imekwisha kufa. Nimeikuta maiti, sikuiua."

Kila mmoja amesema kweli, na kwa sababu hiyo ugomvi wao ni mgumu. Ugomvi wa kweli na uongo huamuliwa kwa ushahidi. Ugomvi wa kweli mbili hauna shahidi wa kuumaliza. Huamuliwa kwa haki tu.

Hoja ya mwalimu ni hoja ya mkono wa mwisho. Ina nguvu, na imesimama muda mrefu duniani. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya kumi na nane kabla ya Kristo, ziliamuru kwamba mjenzi ambaye nyumba yake itaanguka na kumwua mwenye nyumba, naye auawe. Ukali huo una hekima ndani yake: asiyejua hana kinga mbele ya ajuaye isipokuwa dhamana ya huyo ajuaye. Lakini mjenzi wa Babeli aliijenga nyumba tangu msingi. Fundi wa Makambako hakuliunda gari, hakulitia matopeni, hakulipakia mbolea. Kumhukumu kwa kipimo cha mjenzi ni kumtwika mzigo wa miaka ishirini mtu aliyeushika kwa dakika moja.

Hoja ya fundi ni hoja ya ubovu wa zamani. Nayo ina nguvu, lakini ina hatari. Karibu kila kitu kiingiacho karakana ni cha zamani na kina ubovu wake. Hakikuja pale kwa afya. Ikiwa ubovu wa zamani unatosha kumtoa fundi hatiani, basi hapana uzembe utakaoshikika kamwe. Fundi aliyevuta kwa pupa, fundi aliyechomeka bomba refu katika spana ili amalize upesi, fundi aliyelewa, wote watakuwa na udhuru mmoja na ule wa fundi mwangalifu. Kutu itakuwa kichaka cha kila mzembe.

Yaonekana basi kwamba swali lenyewe ndilo lililokosewa. Kuuliza nani aliishika bolti ilipokatika ni kuuliza habari ya mkono, na habari ya mkono haitoshi kutoa hukumu. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho kwa jina la Nicomachus, alitoa mfano wa watu watupao shehena baharini wakati wa dhoruba. Hapana atupaye mali kwa kupenda, lakini mwenye akili huitupa ili aokoe roho yake na za wenziwe. Tendo ni lile lile la kupoteza mali, na hukumu yake hubadilika kwa kutazama hali na nia. Mwanafalsafa huyo hakusamehe hata hivyo ujinga ambao mtu alikuwa na uwezo wa kuuondoa. Swali la haki, kwa hiyo, si nani alishika. Ni nani alijua, au alipasa kujua, na ujuzi huo aliufanyia nini.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo ina asili katika sheria ya India ya mwaka 1872, hufuata njia iyo hiyo. Aliyekabidhiwa mali ya mwingine hutakiwa aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida atunzavyo mali yake mwenyewe. Na aliyeikabidhi hutakiwa aeleze kasoro anazozijua. Sheria haikumwangalia mmoja ikamsahau wa pili. Imewafunga wote wawili kamba moja, nayo ni kamba ya ujuzi.

Kwa kipimo hicho, wajibu wa fundi ni mitatu: kutazama, kusema na kusubiri.

Kutazama ni kulala chini ya gari na taa kabla ya kutaja bei. Kutu ya ngozi na kutu ya mfupa hazifanani. Ya kwanza hutoka kwa brashi ya waya na kuacha umbo la bolti lilivyokuwa. Ya pili hubanduka magamba na kuacha kichwa kilichopoteza pembe zake. Fundi ambaye hakutazama hawezi kusema hakujua. Ujinga wake ni wa hiari.

Kusema ni kumfikishia mwenye gari kile kilichoonwa, kabla spana haijaguswa: "Mwalimu, bolti hii huenda ikakatika. Ikikatika, kuitoa kutahitaji keekee na kuchomelea, na gharama itafika kiasi hiki. Nijaribu, au niache?" Maneno hayo ni machache, lakini yana uzito kuliko hoja zote zinazoweza kutolewa baadaye. Fundi aliyesema hivyo na fundi aliyenyamaza huweza kuvuta spana kwa nguvu moja na kuvunja bolti moja. Hawakutenda tendo moja. Maneno yale yale yakisemwa kabla ni uaminifu, yakisemwa baada ni udhuru.

Kusubiri ndiko kugumu zaidi, maana ni wajibu usioonekana. Bolti iliyoshikwa na kutu hutaka kusafishwa, kutiwa mafuta mepesi ya kupenya, kugongwa taratibu kwa nyundo ili njia ya mafuta ifunguke, kisha kuachwa hata usiku kucha. Asubuhi huzungushwa robo mzunguko kwa kufungua, ikarudishwa kidogo, ikatiwa mafuta tena, ikafunguliwa. Anayevuta upande mmoja tu huikata. Anayekwenda na kurudi huitoa. Ikikataa, moto wa gesi huelekezwa kwenye nati, si kwenye bolti, ili nati itanuke na kuiachia. Na mwenye moto huo hana budi kukumbuka kwamba mpira, mafuta na mabomba ya petroli viko kiganja kimoja kutoka hapo. Haya yote hujulikana na mafundi. Upungufu wao, pale unapokuwapo, si wa elimu. Ni wa muda, na muda hapana mteja anayependa kuulipia.

Hapo wajibu wa mwenye gari huanza. Yeye hupatana bei ya kazi, wala hapatani bei ya subira. Hutaka kikalio kibadilishwe kabla ya adhuhuri, kwa fedha kidogo iwezekanavyo, na bolti ikikatika hushangaa kuona haraka aliyoinunua ikileta matunda ya haraka. Aliyelipia haraka hana haki ya kudai subira. Tena alipasa kusema ayajuayo: kwamba gari lilibeba mbolea misimu miwili, kwamba lilizama mtoni mwaka jana, kwamba kikalio kimegonga tangu Krismasi naye akaongeza sauti ya redio. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pengine msomaji atasema kwamba mwalimu hakuchelewa kwa kupenda. Mshahara ndio uliomchelewesha, na mwenye watoto wanaosoma hatanunua mauntingi kabla ya kulipa ada na kununua madaftari. Neno hilo ni la kweli na halifai kudharauliwa. Magari mengi makuukuu huendelea kwenda kwa sababu mwenyewe hana jingine, wala si kwa sababu hajali. Lakini umaskini hupunguza lawama, hauihamishi. Aliyeshindwa kuziba ufa kwa kukosa fedha hastahili kutukanwa kwa sababu ya ufa, na bado ukuta ni wake. Akimlipisha fundi deni ambalo umaskini ulimwekea yeye, atakuwa amelichukua kwa mtu ambaye huenda ni maskini kumpita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo sababu ni rahisi kuuongeza.

Hukumu ya ugomvi ule, basi, yaweza kutolewa kwa mafungu. Fundi akiwa ametazama, akasema na akasubiri, na bolti ikakatika hata hivyo, gharama ni ya mwenye gari, na ujira wa fundi haupungui. Akiwa amesema lakini hakusubiri, gharama ni yake, maana alitabiri msiba kisha akauharakisha. Akiwa amesubiri lakini hakusema, wagawane. Mkono wake ulikuwa mwema, lakini alimnyima mwenziwe nafasi ya kuchagua. Na akiwa hakutazama, hakusema wala hakusubiri, kutu isimsaidie kitu.

Baki mtu wa tatu, ambaye hakutajwa katika ugomvi. Ni yule fundi aliyelala chini ya gari hilo hilo miezi sita nyuma ili kubadili mafuta ya injini, akaiona bolti imeliwa, akanyamaza. Hakuulizwa, hakuigusa, hakuivunja. Mikono yake ni safi. Kwa hesabu ya mkono wa mwisho mtu huyu hana hatia hata chembe, na hesabu hiyo inadhihirika upungufu wake hapo, kwa kuwa ndiye mwenye hatia kubwa kuliko wawili wale. Bolti ikikatika karakanani, kuna jeki, kuna taa, kuna mtu wa kuchomelea. Hasara yake ni fedha. Ikikatika yenyewe njiani, gari limejaa watu na ukungu umetanda, hapana ajuaye hasara itaishia wapi. Aliyeivunja akijaribu kuitoa ameitoa hatari mahali penye dawa. Aliyeipita ameiacha iendelee na safari. Mkono safi si ushahidi wa moyo safi.

Isidhaniwe kwamba kila fundi analazimika kuigusa kila bolti. Kukataa kazi ni halali. "Hii siiwezi, mwalimu, mpelekee mwenye gesi" ni neno la heshima, na huenda likawa neno bora la siku nzima. Kinachoharamishwa ni kimya, maana kimya humwacha asiyejua akiamini kwamba ajuaye ameridhika.

Iko namna ya kimya iliyo mbaya zaidi, nayo huja baada ya kuvunja. Bolti za magari huandikwa kichwani tarakimu za nguvu zao, kama 8.8 au 10.9. Yenye 8.8 huundwa istahimili mvuto wa niutoni 800 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika, na yenye 10.9 niutoni 1,000. Ndani ya kopo la bolti za zamani, karibu kila karakana ina nyingine ya unene ule ule, inayoingia katika hesi ile ile, ya chuma laini zaidi. Ikifungwa na kupakwa grisi, hapana mteja atakayejua. Mtihani wa adili ya fundi haumo katika bolti iliyokatika mbele ya macho ya watu. Umo katika ile anayoirudisha wasipotazama.

Na uko ukatili mdogo unaoweza kufanyika bila kelele. Fundi mkuu anaijua bolti mbaya kwa kuitazama, kisha humwita mwanafunzi wake na kumpa spana. Bolti hukatika mkononi mwa kijana; kijana hukaripiwa mbele ya mteja, pengine hukatwa posho yake. Kijana huyo hakujifunza kufungua bolti. Amejifunza kwamba katika dunia hii busara ni kuhakikisha mkono wa mwisho uwe wa mwingine. Siku naye akiwa fundi mkuu, atalifundisha somo hilo kwa uaminifu mkubwa.

Somo hilo halikai karakanani. Ofisi ina bolti zake, na shule, na ushirika, na ndoa. Reli ya TAZARA, ipitayo Makambako, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Wengi wanaoitengeneza leo hawakuwapo ilipolazwa, nao hukabidhiwa uchakavu ambao hawakuuzaa. Vivyo hivyo mhasibu mpya hufungua vitabu vya ushirika, akakuta hesabu zilizooza kitambo, na ushirika ukaanguka siku alipouliza swali la kwanza. Wanachama husema: "Ulikuwa mzima mpaka alipokuja huyu." Jamii inayomwadhibu kila mara aliye karibu na mpasuko huwafundisha watu wake wenye akili wasikaribie penye nyufa. Baada ya muda hupata ilichokitafuta: watu wengi wenye mikono safi, na vitu vingi vinavyoanguka vyenyewe.

Kwa hiyo adili ya kutengeneza hutaka mambo kwa pande zote. Mwenye kitu aseme anayoyajua, akubali kuulipia muda, wala asiihesabu dakika ya mwisho kuwa ndiyo miaka yote. Mwenye ujuzi atazame kabla ya kutaja bei, aseme kabla ya kugusa, asubiri kabla ya kuvuta, na akisha kuvunja aonyeshe vipande vyote viwili. Wanaotazama wazuie ndimi zao mpaka waulize ni nani alijua na alifanya nini. Kutu haiwezi kushtakiwa. Itaendelea na kazi yake milimani Njombe na kote duniani, maana chuma hakiachi kutamani kurudi kwao. Lililo katika uwezo wa wanadamu ni kupatana, kabla spana haijavutwa, jinsi watakavyoubeba uharibifu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona ukianza.